Mazizi yamejaa farasi wa watu, mfuko wangu mtupu

Shikamoo Shangazi,

Mimi ni mwanamume wa miaka 41, nimeoa na tuna watoto watatu. Kazi yangu ni farasi tangu nikiwa kijana wa miaka 19. Nilianzia kuwa saisi, mtunza farasi, pale uwanja wa mbio wa Ngong Road, Nairobi, kisha nikaajiriwa Karen na mama mmoja aliyekuwa akipokea farasi wa watu na kuwafundisha. Miaka minne iliyopita alichoka, akaamua kurudi kwao. Aliniambia farasi wananijua mimi kuliko wanavyomjua yeye, kwa hiyo nichukue. Matandiko na hatamu aliniuzia kwa bei ya kindugu, nikakodi shamba huku upande wa Lang'ata, na wateja wengi wakanifuata.

Nina vyumba 12 na vyote vimejaa. Farasi 8 ni wa wateja. Wanne ni wangu, wa kufundishia watoto kupanda. Watatu kati yao walistaafu mbio. Mteja ananilipa 32,000 kwa mwezi kwa chakula, maranda, usafi na kumtoa farasi malishoni. Daktari na fundi wa kwato analipa mwenyewe. Farasi wawili wa wateja ninawafundisha pia, kila mmoja 15,000 juu ya hiyo. Somo la kupanda ni 2,500, na kwa mwezi wa kawaida tunafikisha masomo 70. Kwa hesabu yangu ninaingiza 461,000 kwa mwezi.

Matumizi nayaandika kwenye daftari. Nyasi marobota 300 kwa 350, hiyo ni 105,000. Chakula cha magunia 72,000. Maranda 30,000. Vijana watano, mlinzi akiwa mmoja wao, 20,000 kila mtu. Shamba 60,000. Maji na stima 18,000. Jumla 385,000. Hapo nabaki na 76,000, ama sivyo? Shangazi, hizo 76,000 sijawahi kuziona kwa macho. Ukija Jumamosi asubuhi, magari yamejaa na watoto wamevaa kofia zao, utadhani nimeshika pesa. Tarehe 25 ikifika niko kwa simu nikitafuta mshahara wa vijana.

Halafu kuna mambo mawili yananinyima usingizi. Kuna madam aliyehamia Dubai akaniachia farasi wake. Ni mwezi wa tano sasa hajalipa. Nikimwandikia anajibu vizuri, ananiuliza hali ya watoto, anasema mwisho wa mwezi. Huyu ni mtu ambaye nilimshikia farasi akipanda kwa miaka kumi. Nimwambie nini? La pili, mwezi wa tatu farasi wa mteja mwingine alishikwa na tumbo saa saba usiku. Nilimpigia mwenyewe simu, haikushikwa. Nikamwita daktari, nikamlipa 28,000 kutoka mfukoni mwangu, farasi akapona. Asubuhi mwenyewe akaniuliza nani alinituma kuita daktari wa bei hiyo.

Ili kununua nyasi nimekopa 150,000 kwa Sacco. Mke wangu anauza mitumba soko la Toi, meza moja tu, na anasema meza yake inatulisha kuliko farasi 12. Sina jibu. Nifunge?

Saisi wa Lang'ata

*

Marahaba mwanangu.

Nianze kwa kukiri kwamba farasi ninaowajua mimi ni wale wa kupigia watoto picha. Hesabu, hata hivyo, haijali kama mnyama ana kwato au manyoya. Nimekaa na daftari lako jioni nzima, na nakwambia usifunge bado. Hizo 76,000 nimezipata.

Tuseme mwalimu wa kupanda unamlipa 800 kwa kila somo. Masomo 70 ni 56,000. Kwenye orodha uliyoniandikia hayupo. Nadhani unamlipa papo hapo somo linapokwisha, kwa simu, na pesa ya papo hapo haifiki daftarini. Vijana watano kwa 20,000: juu ya mshahara, wewe mwajiri unatoa asilimia 6 ya NSSF, mfuko wa pensheni, na asilimia 1.5 ya tozo ya nyumba, yaani 7,500. (SHIF, ile asilimia 2.75 ya bima ya afya, inakatwa kwao, si kwako, ila kuipeleka ni juu yako.) Kisha wilbaro, misumari, nguzo ya ua iliyoliwa na mchwa, ndoo, bati lililopeperuka. Nimeweka 12,000 kwa mwezi, na yeyote mwenye wanyama wakubwa ataniambia nimeweka kidogo. Jumlisha: 75,500.

Baki ni shilingi 500.

Na hapo sijagusa kwato za farasi wako wanne. Fundi akija kila wiki sita, weka kama 10,000 kwa mwezi kwa wote, na umeshaingia hasara. Ondoa 32,000 za madam wa Dubai, ambazo umezihesabu kana kwamba zimeingia, na shimo linafika 41,500. Ndiyo maana tarehe 25 unatafuta watu kwa simu. Mshahara wako wewe mwenyewe sijauona popote. Miaka minne umefanya kazi ya bure, mwanangu, na umelipia nafasi ya kuifanya.

Sasa tugawe. Ukiondoa mwalimu, mazizi yanakula 404,500 kwa mwezi. Gawa kwa vyumba 12 upate kama 33,700. Hiyo ndiyo gharama ya farasi mmoja kusimama kwako akiwa mzima, bila daktari, bila kiatu, na bila wewe kulipwa. Unamtoza mwenyewe 32,000. Maana yake kila mwezi unampa kila mteja zawadi ya 1,700, na wateja wenyewe ni watu wanaoshuka kutoka kwenye yale magari. Ukijipa mshahara wa 40,000, ambao kwa miaka 22 ya ujuzi si anasa, gharama inapanda hadi 37,000. Hiyo ndiyo bei yako. Tena kabla ya kodi, na kodi nitaifikia.

Najua utasema mazizi ya jirani yanatoza kiasi fulani. Mwache jirani. Pengine shamba ni lake na halipi kodi ya pango kama wewe, au yeye pia anakopa Sacco.

Tuje kwa yule madam, maana hapa ndipo barua yako iliponikaa. Hukuniuliza utamdai vipi. Umeniuliza, kwa lugha ya adabu, kama mtu aliyeshika hatamu ana ruhusa ya kudai. Nimewahi kuona jambo hili kwa mafundi cherehani, kwa madereva waliogeuka wenye teksi, kwa mayaya waliofungua shule za chekechea. Ukianza biashara na watu uliowatumikia, wao wanakuja na tabia ya zamani na wewe unawapokea na woga wa zamani. Anakuuliza hali ya watoto kwa sababu anakupenda, sina shaka. Lakini Dubai hakuna mwenye nyumba anayepokea salamu badala ya kodi, na yeye huko analipa.

Tena deni lenyewe halijakaa unavyodhani. Unaona 160,000 ambazo hukupata. Mimi naona kitu kingine: nyasi, chakula cha gunia na maranda ya farasi mmoja ni 17,250 kwa mwezi. Kwa miezi mitano umetoa 86,250, pesa taslimu, ukamlisha farasi wa mtu. Zaidi ya nusu ya mkopo wako wa Sacco imo kwenye tumbo la farasi huyo, na riba unalipa wewe. Umegeuka benki ya madam bila kutia sahihi popote.

Mwandikie leo, na usianze na samahani. Kitu kama hiki:

"Habari ya asubuhi Madam. Farasi yuko salama na anakula vizuri. Nakutumia hesabu ya miezi mitano, jumla 160,000. Naomba nusu ifike kabla ya tarehe 10 na iliyobaki ndani ya siku 30. Isipowezekana, tafadhali nijulishe nani atamchukua farasi na lini, deni likiwa limelipwa. Asante."

Ona kwamba farasi ametangulia. Mwenye farasi husoma mstari huo kwanza, na ukimwanzia na pesa atafunga simu. Ambatanisha picha. Kisha nyamaza, usimtumie ujumbe wa pili saa mbili baadaye ukisema pole kwa usumbufu. Nakujua.

Asipojibu, barua ya madai ya siku 14, iliyoandikwa vizuri, na baada ya hapo kuna Mahakama ya Madai Madogo, Milimani. Inasikiliza madai yasiyozidi milioni 1 na sheria inaitaka imalize kesi ndani ya siku 60. Huhitaji wakili kusimama pale. Ugumu wa kesi yako ni kwamba yeye yuko nje ya nchi, na pia kwamba huna mkataba. Ila jumbe zake za "mwisho wa mwezi" ni ushahidi mzuri, kwa hiyo usizifute. Kitu kimoja usifanye: usimuuze farasi huyo kwa mkono wako ili ujilipe, hata rafiki yako akikwambia ni haki yako. Si mali yako, na bila karatasi inayokuruhusu utatoka kuwa mdai ukawa mshtakiwa. Wala usimpunguzie chakula. Hilo halina mjadala, na sheria ya kuzuia ukatili kwa wanyama ipo.

Kwa wale saba wengine, mkataba wa kurasa mbili unatosha. Ada inalipwa mbele, si nyuma: ankara tarehe 25, pesa iwe imefika tarehe 1. Hoteli inayokuuzia chai unaweza kuilipa ukishashiba, lakini farasi anakula mara tatu kwa siku na mwenye nyasi haulizi kama mwenye farasi ameshalipa. Amana ya mwezi mmoja, ambayo utaiweka kando na hutaigusa hata kama nyasi zimekuishia. Kifungu kinachosema asipolipa kwa siku 30 farasi anaondoka, na kingine kinachosema nini kitatokea asipokuja kumchukua. Hicho cha pili mpe wakili akiandike, ni pesa ndogo ukilinganisha na 160,000.

Na katika mkataba huohuo, jambo la daktari. Ulipomwokoa farasi yule saa saba usiku ulifanya sawa. Farasi hawezi kutapika. Tumbo likimsokota hana njia ya kulipunguza, na kungoja asubuhi kunaweza kumuua. Kosa lilikuwa la karatasi ambayo haikuwepo. Kila mwenye farasi aandike mapema: nisipopatikana kwa simu, ita daktari huyu, na ana ruhusa ya kutumia hadi kiasi hiki. Daktari amtumie ankara mwenyewe moja kwa moja, isipite kwako. Vivyo hivyo fundi wa kwato, vivyo hivyo chanjo ya kila mwaka ya ule ugonjwa wa farasi unaoletwa na visubi baada ya mvua. Ukiwa njia ya pesa za watu, kuna siku itaziba kwako. Zile 28,000 bado mdai, kwa upole, ukiambatanisha risiti. Akikataa, basi umejua thamani anayompa farasi wake, na umejua mteja wa kwanza wa kumpa notisi.

Nyasi. Hapa nina neno, maana ndiyo gharama yako kubwa kuliko zote. Umeandika marobota, hukuandika kilo. Farasi wa kilo 500 anahitaji karibu kilo 10 za nyasi kavu kwa siku, na hesabu yako ya marobota 25 kwa farasi inakubali tu kama robota lina kilo 12. Je, umewahi kulipima? Nunua mizani ya kuning'iniza, pima marobota kumi ya kila lori, mbele ya dereva. Robota la kilo 10 kwa bei ya kilo 12 ni kama kulipa 420 badala ya 350, na kwa marobota 300 hiyo ni 21,000 kwa mwezi. Na usinunue kila wiki kama mtu anayenunua unga wa kupima. Nyasi ya Boma Rhodes inakatwa baada ya mvua, na bei unayoiona Juni si ile ya Februari kiangazi kikikaza. Ukiwa na ghala lisilovuja, na marobota yameinuliwa kutoka chini kwa mbao, nunua ya miezi mitatu wakati bei iko chini. Pesa itoke wapi? Si Sacco tena. Waambie wateja wako: atakayelipa miezi mitatu mbele nampunguzia asilimia 3. Wawili watatu watakubali, na watu wenye uwezo hupenda sana kupunguziwa. Nyasi zenye ukungu kataa hata za bure. Utazilipia kwa daktari.

Sasa farasi wako wanne, na hapa utanichukia kidogo. Farasi wa masomo anakula sawa na wa mteja, pamoja na kiatu na daktari wake mwenyewe. Tuseme 38,000 kwa mwezi. Somo likishamlipa mwalimu linakuachia 1,700. Anahitaji masomo 23 kwa mwezi ili ajilishe tu. Wako wanne wanagawana 70, kama 17 na nusu kila mmoja. Hakuna hata mmoja anayejilisha. Wakiwa watatu, kila mmoja anafika 23, na kazi hiyo, somo moja kwa siku na siku ya mapumziko, haimchoshi farasi. Chumba cha nne kinamchukua mteja wa 37,000.

Najua kuna mmoja ambaye hutaki kumtaja. Yupo kila mahali, mzee, mpole, anayebeba watoto wanaoogopa. Kama ni huyo ndiye anayefanya masomo mengi, mbakishe na utoe mwingine. Chukua daftari, hesabu masomo ya kila farasi kwa miezi mitatu, kisha amua kwa namba hizo. Mtafutie atakayeondoka nyumba nzuri, hata kwa bei ndogo. Au mtafute mzazi wa mwanafunzi anayempenda alipe nusu ya matunzo ampande siku tatu kwa wiki. Hiyo nayo ni njia. Na ukumbuke Desemba, Nairobi ikihamia Mombasa na ushago, na Aprili mvua ikilowesha uwanja: masomo 70 hayapo, lakini matumbo 12 yapo. Bei ya somo la Julai inatakiwa ilipe na Aprili.

Samadi uza, wenye bustani wanaitaka, lakini italipa maji tu. Usije ukaiita mkakati.

Kodi. 461,000 mara 12 ni 5,532,000. Mauzo yanayotozwa VAT, kodi ya ongezeko la thamani, yakifika milioni 5 kwa miezi 12, sheria inakutaka ujisajili, asilimia 16. Kama huduma zako zote zinatozwa, umeshapita mstari, na bado hujapandisha bei. Kwa hiyo kabla ya kutangaza 37,000 kaa na mhasibu, kwa sababu VAT ikiingia mteja ataona 42,920, na ni afadhali umwambie mara moja kuliko kumrudia mwezi wa pili. Kuna ile kodi ya mauzo ya asilimia 3 kwa biashara za kati ya milioni 1 na milioni 25. Inakatwa kwa mauzo bila kuuliza kama ulipata faida, na ada za mafunzo hazimo ndani yake. Wewe una ada ya kulea farasi upande mmoja na mafunzo upande mwingine, kwa hiyo mwambie mhasibu azitenganishe tangu mwanzo. Ukiwa kwenye kodi ya kawaida ya mapato, tangu Januari 2024 matumizi yasiyo na ankara ya eTIMS, ule mfumo wa ankara za kielektroniki, hayakubaliwi na KRA, mamlaka ya kodi. Mkulima anayekuletea nyasi hana eTIMS, najua, lakini siku hizi mnunuzi anaweza kumtolea mkulima mdogo ankara yeye mwenyewe. Nyasi za 105,000 kwa mwezi zisikubaliwe halafu utozwe kodi ya faida usiyoipata? Hapana. Mhasibu huyo akuulize pia habari ya bima ya vijana wakiumia kazini. Teke la farasi halingoji.

Wateja wawili wanaweza kuondoka ukipandisha bei. Mpe kila mtu notisi ya miezi miwili, mwonyeshe mgawanyo wa 33,700 kwenye karatasi moja, bila kulalamika. Anayelea farasi anajua bei ya nyasi. Anayeondoka kwa bei ya haki anaondoka na zawadi yake ya 1,700, na chakula chake cha 17,250 kinabaki kwako.

Na fungua till ya biashara, namba ya kupokelea malipo kwa simu, wiki hii, mbali na laini yako. Ada ya shule ya watoto na ya farasi zisikae pamoja tena.

La mwisho ni mkeo. Mtu anayeuza meza moja Toi akijua faida yake kila jioni ndiye mhasibu uliyekuwa unamtafuta, na umelala naye nyumba moja miaka yote. Mkabidhi daftari na ankara, na umlipe hata kama ni kidogo. Yeye hajawahi kumshikia mtu yeyote farasi. Mwambie aanze na Dubai.